Gitaa la Besi katika Muziki wa Panki: Historia ya Chombo na ya Uchaguzi Wake

Utangulizi

Muziki wa panki mara nyingi umeelezwa kuwa muziki wa watu wasiojua muziki. Hukumu hiyo hurudiwa hasa anapotajwa mpiga besi, yule asimamaye kando ya ngoma, ambaye huchukuliwa kuwa alipewa gitaa la nyuzi nne kwa sababu nafasi nyingine zilikwisha kujaa. Katika makala haya twakusudia kuichunguza hukumu hiyo kwa kufuata njia isiyozoeleka sana, nayo ni uchaguzi wa vyombo: ni gitaa gani lililopandishwa jukwaani, lilipigwa namna gani, na kwa sababu gani. Tutaonyesha kwamba vijana wale walikosa mafunzo ya chuo cha muziki, lakini hawakukosa maarifa.

1. Jina na chombo

Neno lenyewe lina historia ndefu. Katika Kiingereza cha zama za Shakespeare, punk lilikuwa jina la kahaba. Huko Marekani lilitumika pia kwa ubao uliooza wa kuwashia moto, na kwa kijana asiyefaa kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahakiki wa Marekani walilitumia kwa bendi zilizopiga roki kwa ukali na bila madoido. Na Januari 1976 likawa jina la jarida mjini New York. Hivyo waliotukanwa walilichukua tusi wakalifanya bendera.

Chombo nacho kina umri mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Gitaa la besi la umeme lilianza kuenea baada ya mwaka 1951, wakati Leo Fender, aliyekuwa fundi wa redio huko Fullerton, California, alipotoa gitaa aliloliita Precision Bass. Kabla yake, mpiga besi wa bendi ya dansi alitumia fidla kubwa ya kusimama, chombo kirefu kuliko mtu, kigumu kusafirisha, na ambacho sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Fender alizihifadhi nyuzi nne na sauti zake, yaani mi, la, re na sol, akaufanya urefu wa uzi kuwa sentimita 86 hivi, akapachika shingoni vipande vyembamba vya chuma ili kidole kipate noti bila kubahatisha. Ndiyo maana ya jina Precision: usahihi. Msomaji na azingatie jambo hili, kwani tutalirudia: chombo hicho kilibuniwa ili hata mpiga gitaa wa kawaida, asiyejifunza fidla kwa miaka mingi, aweze kukishika na kupiga noti iliyo sawa.

2. New York: mkono ushukao

Agosti 1974 vijana wanne kutoka Forest Hills, mtaa wa Queens, walipanda kwa mara ya kwanza jukwaa la CBGB, baa ndogo ya Manhattan. Walijiita Ramones. Mpiga besi wao, Douglas Colvin (1951-2002), alijulikana kwa jina la Dee Dee. Sahani yao ya kwanza ilitoka mwaka 1976, ikiwa na nyimbo 14 zilizodumu kwa jumla dakika 29 hivi, na gharama ya kuirekodi ilikuwa takriban dola 6,400.

Upigaji wa Dee Dee waonekana rahisi kwa macho. Alishika kibanzi cha plastiki, akapiga uzi kwa kuelekea chini tu, bila kuurudisha mkono juu kwa pigo la pili, akiifuata noti ya msingi ya kila akodi ya gitaa. Lakini mtu ajaribuye kufanya hivyo kwa mwendo wao, tangu mwanzo wa onyesho hadi mwisho, hugundua upesi kwamba kifundo cha mkono kimeshika moto. Faida yake ni kwamba kila pigo lina nguvu sawa na lililotangulia, jambo ambalo ni gumu kulipata mkono unapopanda na kushuka. Huo ulikuwa uamuzi wa sauti, ulionunuliwa kwa jasho.

Tena, katika sahani hiyo besi iliwekwa upande mmoja na gitaa upande wa pili. Kijana aliyezima spika moja alibaki na Dee Dee peke yake chumbani, kama mwanafunzi aketiye mbele ya mwalimu. Waliosema kwamba panki haikuwa na shule hawakuiona shule hiyo.

3. London: mwanafunzi wa uchoraji

Paul Simonon alikuwa mwanafunzi wa sanaa ya uchoraji alipoingia katika bendi ya The Clash mwaka 1976, naye hakujua kupiga besi. Aliandikiwa majina ya noti kwenye shingo ya gitaa lake ili ajue pa kuweka vidole. Mnamo tarehe 4 Julai mwaka huo huo bendi ilifanya onyesho lake la kwanza, mjini Sheffield. Watu wameisimulia habari hiyo kwa kicheko. Hata hivyo, mtu aandikaye alama ili asome kisha azifute akisha kuzijua hafanyi tofauti na mtoto anayejifunza herufi. Simonon, aliyekulia kwa sehemu Brixton kati ya wahamiaji wa Karibi, alikuwa ameusikia muziki wa rege muda mrefu kabla ya kushika gitaa. Na katika rege besi ndiyo inayoongoza. Kufikia mwaka 1979 alikuwa ametunga na kuimba wimbo wake mwenyewe, The Guns of Brixton, ambao nguzo yake ni besi.

Kuna ushahidi wa kinyume unaotilia nguvu hoja yetu. Februari 1977 Glen Matlock aliacha bendi ya Sex Pistols, na nafasi yake ikachukuliwa na Sid Vicious, aliyependwa kwa sura na vituko vyake. Sahani yao ilipotoka mwaka huo huo, sehemu kubwa ya besi ilikuwa imepigwa na mpiga gitaa, Steve Jones. Kama kweli kazi hiyo haikuhitaji maarifa, kwa nini hakuachiwa mwenyewe aifanye?

4. San Pedro: usawa wa sauti

Mwaka 1980, katika mji wa bandari wa San Pedro, Los Angeles, iliundwa bendi ya Minutemen. Mpiga besi wake alikuwa Mike Watt, na mpiga gitaa wake rafiki yake wa tangu utotoni, D. Boon, aliyefariki katika ajali ya gari mwezi wa Desemba 1985. Boon alizipunguza sauti nene za gitaa lake, akabakisha zile kali za juu, ili besi na ngoma zipate nafasi ya kusikika. Alilichukua jambo hilo kuwa la siasa: kama mnadai usawa katika nyimbo, basi nanyi gawaneni sauti kwa usawa. Kwa kuzungusha kitufe kimoja cha amplifaya, besi ilitoka chini ya kivuli cha gitaa ikawa mzungumzaji.

5. Mzigo wa onyesho

Hapo twafika kwenye uchaguzi wa vyombo kwa ajili ya kusafiri. Uzi wa mi wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Sikio la mwanadamu husikia sauti za chini kwa udhaifu, kwa hiyo amplifaya ya besi huhitaji nguvu nyingi kuliko ya gitaa. Ampeg SVT, iliyotolewa mwaka 1969, ilikuwa na wati 300 na masanduku ya spika nane nane za inchi 10. Hiyo ilifaa kumbi kubwa, na kuibeba kulitaka gari na watu. Bendi nyingi za panki zilitumia amplifaya iliyokutwa ukumbini, au ya bendi nyingine iliyopiga usiku ule. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa sababu hiyo mpiga besi alihitaji gitaa litakalotambulika hata likiungwa kwa amplifaya asiyoijua. Precision ilikidhi haja hiyo. Ina kinasa sauti kimoja cha sumaku, kitufe kimoja cha ukubwa wa sauti na kimoja cha rangi ya sauti. Shingo imefungwa kwa skrubu nne, hivyo huweza kubadilishwa. Wala haihitaji betri. Mwaka 1976 lilitoka gitaa la Music Man StingRay, lenye saketi ya betri na sauti pana zaidi. Lakini betri huweza kwisha katikati ya wimbo. Aidha, katika ukumbi mdogo wenye kuta za saruji sauti nene huvurugika. Kinachomfikia msikilizaji ni mgongano wa kibanzi na chuma, na Precision huutoa mgongano huo vizuri. Ukiongeza mkanda imara, waya wa akiba na vibanzi kadhaa mfukoni, mzigo umetimia.

Hitimisho

Mwezi wa Septemba 1979, katika ukumbi wa Palladium mjini New York, Simonon aliona watazamaji wakizuiliwa kuinuka vitini mwao; akaishika Precision yake kwa shingo akaipiga sakafuni. Picha aliyoipiga Pennie Smith ikawa jalada la sahani ya London Calling. Mwaka 2021 mabaki ya gitaa hilo yaliingia katika hifadhi ya jumba la makumbusho la jiji la London. Chombo kilichochaguliwa kwa sababu hutengenezeka kimetunzwa kwa sababu kilivunjika.

Sisi tunaochunguza nyimbo tumezoea kukusanya maneno yake, tukayatafsiri na kuyafafanua, bila kuuliza gitaa lilikuwa la namna gani na nani alilibeba. Historia hii fupi yatuonya. Wale walioitwa wasiojua walikuwa na ujuzi katika kifundo cha mkono na katika mizani ya mzigo, lakini ujuzi huo haukuandikwa kwa sababu hakuna aliyewauliza. Wapiga besi wa miji yetu wenyewe wanazeeka nao. Tuwaulize wangali hai.