Hiyo Na imetoka wapi?

Wadau, swali la kidato cha pili: sodiamu inaanza na S, mbona tunaandika Na? Jibu lipo sokoni hapa Kihesa, kwenye magadi ya kulainishia maharage. Jina lake la kale ni natron, ndilo hilohilo la Ziwa Natron kule kaskazini. Kilatini wakasema natrium, na mwaka 1814 Mswidi Berzelius akakata akabakiza Na.

Kabla ya 1787 chumvi nyingi ziliitwa kwa mtu aliyezigundua, au rangi tu. Jina halikuambii kilichomo! Mwaka huo Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy wakatoa kitabu Paris: jina litaje viungo vyenyewe.

Sisi mtaani bado tuko kabla ya 1787. Magadi soda, bekingi soda, kostiki soda (na soda ya kunywa, jamani). Kostiki inaunguza ngozi, ila jina linafanana tu na wenzake. Fomula haibabaishi: ioni ya sodiamu +1, kaboneti -2, basi sodiamu mbili, Na2CO3. Bikaboneti -1, NaHCO3. Haidroksaidi -1, NaOH, hiyo ndiyo kostiki. Usiiweke karibu na maharage.