Tolstoy, Kobe na Jumla ya Vitu Vidogo

Sehemu ya tatu ya juzuu la tatu la *Vita na Amani* haifunguliwi na mizinga wala dansi za Petersburg. Inafunguliwa na kobe. Tolstoy anarejelea kitendawili cha Zeno: Achilles anakwenda kwa kasi mara kumi ya ile ya kobe aliyemtangulia, lakini kila akifika pale kobe alipokuwa, kobe ameshasogea sehemu ya kumi ya umbali huo, kwa hiyo hatampata kamwe. Wasomaji wengi huupita ukurasa huu mbio ili warudi kwa wahusika kama Pierre na Natasha. Nadai hapa kwamba ni ukurasa wa hisabati hasa, kwamba unastahili kupingwa kihisabati, na kwamba mpinzani wake mkubwa ni riwaya yenyewe.

Tuanze na hesabu. Kobe akitangulia kwa mita 100, Achilles atakimbia mita 100, kisha 10, kisha 1, kisha sehemu ya kumi ya mita, na kuendelea. Vipande havina mwisho, ila jumla yake inakielekea kikomo kimoja: mita 111 na sehemu moja ya tisa. Hapo ndipo anapompata. Newton na Leibniz, katika karne ya 17, walizitumia sehemu ndogo mno kwa ufanisi wa ajabu bila kueleza ni kitu gani hasa, na mwaka 1734 Askofu George Berkeley akawakejeli, kwa haki kabisa: kiasi hicho hugawanywa kana kwamba kipo, kisha hutupwa kana kwamba hakipo. Jibu lililotulia lilianza na Cauchy mwaka 1821, likakazwa na Weierstrass. Hakuna anayelazimika kujumlisha vipande vyote. Nitajie kosa lolote, hata liwe dogo namna gani, nami nitakuonyesha hatua ambayo kuanzia hapo jumla yangu haitaachana na kikomo kwa zaidi ya kosa hilo. Mambo yasiyo na mwisho yakageuka ahadi inayoweza kukaguliwa.

Tolstoy anaichukua hesabu hiyo ya sehemu ndogo mno, yaani kalkulasi, na kuipeleka kwenye historia. Wanahistoria, asema, huukata mwendo wa watu katika mapande makubwa: Napoleon, Kutuzov, amri fulani, pigano la Borodino la 1812. Wakishaukata, hushindwa kuuunganisha tena. Anapendekeza tuanze na kipande kidogo kuliko vyote, anachokiita diferensiali ya historia, yaani mielekeo ya watu iliyo ya aina moja, kisha tuitafute integrali yake, yaani jumla yake. (Alipoingia Chuo Kikuu cha Kazan mwaka 1844, mkuu wa chuo alikuwa Lobachevsky, mmoja wa waasisi wa jiometri isiyo ya Euclid. Inavutia kuwaza kwamba kitu fulani kilimwambukiza, ingawa kijana huyo alikwenda kusoma lugha za Mashariki.)

Pendekezo hili si pambo, na ndiyo sababu linaweza kuwa na kosa. Udogo wa vipande hautoshi kutupatia jumla. Chukua 1, ongeza nusu, theluthi, robo, na kuendelea. Vipande hupungua kuelekea sifuri, lakini Nicole Oresme alikwisha kuonyesha katika karne ya 14 kwamba jumla hiyo hupita namba yoyote utakayoitaja. Hupita polepole mno: vipande 10,000 vya kwanza havifikishi hata 10. Atakayesimama hapo ataapa kwamba inakaribia kutulia. Mfano wa kobe hufanya kazi kwa sababu kila kipande ni sehemu ya kumi ya kilichotangulia, kanuni inajulikana. Ni kanuni gani inayotawala nia za askari wa Napoleon waliovuka Mto Niemen? Tolstoy hatuambii. Anadhani akishafika kwenye udogo, jumla itajileta.

Kisha lipo lile sharti la aina moja. Hapa mwandishi wa riwaya anamwangusha mwanafalsafa, na wote wawili ni mtu yuleyule. Kapteni Tushin, katika pigano la Schöngrabern, anaendelea kufyatua mizinga yake akiwa amesahauliwa na wakubwa, na mwisho nusura akaripiwe kwa ushujaa wake. Msomaji humkumbuka kwa sababu hafanani na kipande kingine chochote. Mjumlishe na wenzake na umempoteza. Hata hivyo, baada ya kurasa zaidi ya elfu moja tunaamini tumeiona Urusi nzima ya 1812, ilhali tumeonyeshwa watu mia kadhaa tu. Riwaya imetupa jumla ya vipande vya mwanzo na kutufanya tukiamini kikomo. Cauchy angedai uthibitisho. Msomaji anasadiki bila kuudai.

Wahakiki wanaotafuta mambo yasiyo na mwisho katika fasihi hukimbilia kwa Borges na maktaba yake ya Babeli, hadithi ya 1941. Lakini vitabu vya maktaba ile vina hesabu: kurasa 410, mistari 40, herufi zipatazo 80 kwa mstari, alama 25. Idadi yake ni 25 kwa kipeo cha 1,312,000, namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 1.8, ya kutisha kweli, ila ina mwisho. Borges alilijua hilo vizuri kuliko wanaomnukuu. Ukubwa unatishia haraka; udogo, aliouchagua Tolstoy, ndio unaomdai mwandishi kazi.

Katika toleo la 1873 Tolstoy alizitoa sura hizi za falsafa ya historia na kuzipeleka kwenye kiambatisho. Toleo la 1886 likazirudisha. Zilistahili kurudi. Anayeisoma riwaya hii asiziruke: azisome akiwa na kalamu, ahakiki hesabu, kisha aamue mwenyewe mwandishi alikosea wapi.