Mchanganyiko wa Constantia

Mimi si mtu wa mvinyo. Kwetu watu wazima hunywa tembo la mnazi au bia. Divai nilizoea kuiona mikononi mwa padri. Basi nilipofika Constantia, upande wa nyuma wa ule mlima wa Cape Town uliobapa kama meza, nikawekewa glasi tatu, niliamua kuuamini ulimi wangu mwenyewe.

Ya kwanza, zabibu za cabernet sauvignon peke yake: ikanikaza ulimi kama bibo. Ya pili, merlot: laini, yakaribia zambarau iliyoiva. Ya tatu ndiyo mchanganyiko wa hizo mbili. Ajabu! Ukakasi upo, lakini umetulia. Kumbe mtindo huu ni wa Bordeaux, Ufaransa. Zabibu hizi haziivi kwa wakati mmoja, hivyo mvua ikiharibu aina moja, nyingine humwokoa mkulima. Na hapa Constantia upepo baridi kutoka False Bay huzichelewesha kuiva, uchachu wake usipotee.

Kila zabibu ilitajwa kwa jina. Na mikono iliyopanda mizabibu, je?

Shamba hili alipewa Simon van der Stel, mtawala wa Kampuni ya Kiholanzi, mwaka 1685, hekta zaidi ya 700. Baadaye mvinyo wake mtamu ulivuma Ulaya, hata Napoleon, akiwa mfungwa kisiwani St. Helena, alikuwa akiletewa. Waliolima ni watumwa: wa Madagaska, wa India, wa visiwa vya Indonesia, na wa pwani yetu hii hii ya mashariki, Msumbiji. Huo nao ni mchanganyiko, bwana, ila haukuandikwa kwenye chupa. Wengi walinyang'anywa hata majina. Huyu akaitwa September, yule February, kama vile mtu ni ukurasa wa kalenda; wengine wakaandikwa tu "van Mozambique", yaani wa Msumbiji.

Sheria ya kuwakomboa ilianza tarehe 1 Desemba 1834, lakini wakabakizwa kwa mabwana zao miaka 4 zaidi, eti wanajifunza kazi. Hata baada ya hapo, mashamba mengi ya Cape yaliwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa vikombe vya mvinyo. Mtindo huo uliitwa dop. Ulipigwa marufuku miaka ya 1960, ila kuna mashamba yaliyouendeleza hadi miaka ya 1990. Ulevi ulioachwa nyuma umezaa watoto walioumizwa na pombe wangali tumboni.

Glasi ya tatu ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini ukienda Cape leo utakutana na watu wa ukoo wa September na wa February. Hao ndio ningependa kalamu zetu vijana ziwaulize habari zao. Cabernet ina waandishi wa kutosha.