Msalaba Begani, Upanga Mkononi: Kutoka Norwei hadi Mrumbi



Katika historia ya Kanisa mnakutana na maneno mawili yanayogongana: vita na msalaba. Ni haki kuuliza jinsi maneno hayo yalivyoweza kuwekwa pamoja, na kama jambo hilo linatuhusu sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika, mbali na Yerusalemu. Linatuhusu kuliko tunavyodhani. Vita vya Msalaba viliwavuta hata watu wa nchi za barafu. Na miaka mia nane baadaye mwito wenye jina lilelile ulifika hapa kwetu, Mpala na Moba, ukabebwa na mtu anayejulikana kama Kapiteni Joubert. Tuzitazame habari hizo mbili pamoja, maana moja inaifunua nyingine.

Mfalme kutoka nchi ya barafu

Mwaka 1095, mjini Clermont huko Ufaransa, Papa Urbano wa Pili aliwaita Wakristo waende kuwasaidia ndugu zao wa Mashariki na kulikomboa Kaburi Takatifu. Mwaka 1099 Yerusalemu ilitekwa, na damu nyingi ilimwagwa siku ile, ya waliopigana na ya wasiopigana. Habari zilipofika Skandinavia, yaani Denmaki, Norwei na Uswidi, ziliwakuta Wakristo wachanga. Babu zao walikuwa Waviking, mabaharia waliopora pwani za Ulaya, wakateka watu na kuwauza utumwani. Olavu Mtakatifu, mfalme aliyesimamia ubatizo wa Norwei, alikuwa amefariki mwaka 1030 tu. Imani ilikuwa ya vizazi vichache, lakini ustadi wa upanga ulikuwa wa karne nyingi.

Erik, mfalme wa Denmaki, aliondoka kwenda Yerusalemu akafia Kipro mwaka 1103. Kisha, mwaka 1107, Sigurd wa Norwei, mfalme aliyekuwa bado kijana kama ninyi, alitweka matanga. Masimulizi ya kale yanataja merikebu 60. Walikaa majira ya baridi Uingereza, wakashuka hadi pwani ya Hispania. Huko Galisia, chakula kilipoadimika na mtawala wa mahali alipoacha kuwauzia, Sigurd aliishambulia ngome yake na kuchukua alichokitaka. Mtawala yule alikuwa Mkristo. Kabla ya kuuona mlango wa Nchi Takatifu, watu wenye msalaba begani walikuwa wamekwisha kumpora mtu wa ubatizo wao.

Walipita Lizboni, wakapigana visiwani, wakasimama Sisilia, na mwaka 1110 wakafika. Sigurd alioga mtoni Yordani kama hujaji, kisha akamsaidia Mfalme Baldwin kuuteka mji wa Sidoni. Alizawadiwa kipande kidogo cha mti uliosadikiwa kuwa wa Msalaba wa Bwana. Masharti yalikuwa kwamba akiweke kwenye kaburi la Olavu Mtakatifu, mjini Nidaros. Hakukiweka huko. Alikiweka katika ngome yake ya Konghelle, mpakani, mahali alipotaka ulinzi. Mwaka 1135 Wavendi, jirani wapagani wa ng'ambo ya Bahari ya Baltiki, waliivamia Konghelle na kuiteketeza. Mwaka 1168 mfalme wa Denmaki, Valdemar, pamoja na Askofu Absalon, waliteka Arkona, mahali patakatifu pa jirani hao, wakaikatakata sanamu ya mungu wao na kuichoma. Kwa miaka mingi tena, msafara uliofuata ulibatiza na kutoza kodi kwa mkono mmoja.

Hatuwaambii haya ili mwadharau watu wa kale. Miongoni mwao walikuwapo waliotembea kwa toba ya kweli, wakiacha nyumba na watoto, na wengi hawakurudi. Tunawaambia ili mwone jinsi nia njema na tamaa zinavyoweza kupanda merikebu moja, na jinsi ilivyo vigumu kuzitenganisha merikebu ikiisha kuondoka.

Mwito wa Kardinali

Sasa tuje kwetu. Katika karne ya 19 nchi za pande zote za ziwa letu ziliteseka kwa biashara ya watumwa. Misafara ilitoka Ujiji na pwani, ikashirikiana na baadhi ya watawala wenyeji, ikachoma vijiji na kuwafunga watu minyororo. Haikuwa dhambi ya taifa moja wala ya dini moja. Pembe za ndovu zilizobebwa na mateka wale zilinunuliwa Ulaya na Marekani, zikatengenezewa vishikio vya visu na vibao vya piano katika nyumba za Wakristo.

Mwaka 1888 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika barua ya kulaani utumwa, akamkabidhi Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika tunaowaita Mapadre Weupe, kazi ya kuiamsha Ulaya. Kardinali alihubiri Paris, London na Brussels. Aliomba sala, aliomba fedha, na aliomba pia vijana wenye silaha. Jambo hilo aliliita vita vipya vya msalaba. Mwaka 1891 alianzisha hata shirika la mabruda wenye bunduki huko Biskra, Aljeria. Halikuishi miaka miwili. Serikali nazo zilikutana Brussels, na mwaka 1890 zikatia saini mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Denmaki na Uswidi pamoja na Norwei zilikuwamo. Wajukuu wa Waviking waliweka mikono yao kwenye karatasi iliyoilaani kazi ya babu zao. Huo nao ni wongofu, ijapokuwa ulichelewa.

Kapiteni wa Mrumbi

Lakini hapa ziwani mtu alikuwa amekwisha kutangulia. Léopold Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Akiwa na miaka 18 alijiunga na jeshi la kujitolea la Papa, akapigana Castelfidardo mwaka 1860, akafikia cheo cha kapiteni, hata Roma ilipoanguka mwaka 1870. Kisha alijitoa kwa Lavigerie. Mwaka 1887 alifika Mpala, misioni ambayo Mapadre Weupe waliipokea mwaka 1885 kutoka kwa Mbelgiji Émile Storms. Baadaye alihamia Mrumbi, akapaita Mtakatifu Ludoviko, jina la mfalme wa Ufaransa aliyefia katika vita vya msalaba.

Joubert hakuja kupora na kurudi. Aliwafundisha wenyeji kutumia bunduki, akawalinda waliokimbilia misioni, akaamua mashauri yao. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, binti wa nchi hii, kwa ndoa takatifu kanisani, wakati Wazungu wengi waliwaona wanawake wetu kuwa kitu cha kutumia na kuacha. Watu wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji, walipowabana, alishika ngome yake hadi alipofika Kapiteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Ubelgiji kilichozaliwa na mahubiri ya Lavigerie. Mwishoni mwa mwaka 1891 Jacques alijenga boma ufukoni mwa ziwa, akalipa jina la Albertville. Ndiyo asili ya jina ambalo mji wetu wa Kalemie ulilibeba miaka yote ya ukoloni. Joubert hakurudi kwao. Alizeeka, akapofuka macho, akafariki karibu na Moba mwaka 1927.

Wapendwa, tungependa kuishia hapo, lakini ukweli hautupi ruhusa. Storms, yule aliyeitangulia misioni ya Mpala, aliwatuma watu wake mwaka 1884 wamwue Lusinga, mtawala wa Watabwa, kisha akalichukua fuvu lake hadi Ubelgiji kama mtu achukuavyo kumbukumbu ya mawindo. Bendera ya Dola Huru ya Kongo, ambayo chini yake Joubert alipewa mamlaka, ndiyo iliyompa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa watumwa, ugavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Ndiyo pia iliyowatesa watu wetu kwa ajili ya mpira na pembe hadi ulimwengu ukapiga kelele. Waliokombolewa kutoka katika mnyororo mmoja waliukuta mwingine umewekwa tayari. Bila shaka mama aliyelala usingizi Mrumbi, badala ya kutembea amefungwa shingoni, alimshukuru Mungu kwa ajili ya bunduki ya Kapiteni. Nasi hatuwezi kumwambia alikosea. Kanisa linafundisha kwamba kumlinda asiye na nguvu ni wajibu. Hata hivyo bunduki ile haikuweza kuchagua nani angeishika baada ya Kapiteni.

Waliokuja bila upanga

Tazameni sasa nani aliyedumu. Ng'ambo ya ziwa, Karema, alikaa Adriano Atiman. Alitekwa utotoni katika nchi za Timbuktu, akauzwa, akakombolewa, akasomeshwa uganga wa kizungu Malta kwa amri ya Lavigerie. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu na kuwafundisha katekisimu hadi kifo chake mwaka 1956. Mtumwa wa jana alikuwa tabibu wa watu kwa miaka zaidi ya sitini. Upande wetu, mwana wa nchi ya Mpala, Stefano Kaoze, alipadrishwa mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo yote. Misafara ya vita ilikwisha kusahauliwa. Madhabahu yake hayakusahauliwa.

Nyumbani kwa Kapiteni mwenyewe palizaliwa jibu. Mwaka 1908, Mrumbi, Agnes Atakao alimzaa Alberto. Mtoto huyo alikua akizijua habari za vita vya baba yake, lakini yeye alichagua seminari, akapadrishwa mwaka 1935. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulipowaka, Albertville iliangukia mikononi mwao mwezi wa Juni, na moto ukaenea. Padri Alberto Joubert alikuwa Fizi pamoja na Wamisionari Waxaveri. Tarehe 28 Novemba mwaka huo, Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Jioni hiyohiyo, Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Alberto. Hawakuwa na silaha. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri.

Baba alibeba bunduki kwa ajili ya Msalaba. Mwana alibeba Msalaba peke yake. Hatusemi kwamba baba alikuwa mwovu. Alisimama penye hatari ambapo wengi wangekimbia, naye alimpa mwanawe imani ile iliyomfanya asikimbie. Lakini Kanisa limeweka juu ya altare jina la mwana. Na aliyemnyonyesha, akamfundisha ishara ya msalaba kwa kidole, si kwa kitambaa cha begani, ni mama wa hapa kwetu.

Neno kwetu leo

Vijana, hamsomi habari hizi mkiwa mbali na vita. Mnajua majina ya vikundi; mnajua miaka ambayo Watwa na Waluba katika mkoa huu walichomeana vijiji. Anayekuja kuwaandikisha hasemi, «Njoo tukapore». Husema, «Njoo tuwalinde mama zetu». Huwapa hirizi, au huwavisha rozari, au huwaombea dua. Mara nyingine hofu anayoitaja ni ya kweli. Kwa hiyo msimwulize tu kama sababu yake ni njema. Mwulizeni nani atakayelishwa njiani, kama yule mtawala wa Galisia. Mwulizeni kipande cha Msalaba kitawekwa wapi: kaburini pa mtakatifu, au kwenye ngome ya mkubwa. Mwulizeni bunduki itabaki kwa nani kesho.

Bwana wetu, usiku ule bustanini, alimwambia Petro airudishe silaha yake, akamponya sikio yule aliyekuja kumkamata. Petro hakuwa msaliti. Alikuwa akimtetea anayempenda. Hata upendo huo ulihitaji kufundishwa. Sisi nasi, Wakristo wa vizazi vichache kama wale watu wa Sigurd, bado tumo darasani.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani asiye na nguvu anayehitaji kulindwa leo, nasi tunaweza kumlinda kwa njia gani bila kumwaga damu?

2. Ni lini tumetumia jina la Mungu, au jina la kabila letu, ili kuifunika tamaa au kisasi?

3. Wakiwapo miongoni mwetu waliorudi kutoka vikundi vya silaha, tunawapokea namna gani mezani petu na kanisani?

Mwenye Heri Alberto Joubert na wenzako, mtuombee.