Kupausha si Kusafisha

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa habari za viwanda limo lile la kuondoa rangi katika rojo la karatasi. Wapo waandikao "kusafisha", na wapo waandikao "kupausha". Tunaona kuwa historia ya kazi yenyewe yatuelekeza kwenye la pili.

Zamani Ulaya ilitengeneza karatasi kwa matambara, na nguo zilipaushwa kwa kutandazwa juani wiki nyingi. Mwaka 1774 Scheele wa Sweden aliipata gesi ya klorini. Mwaka 1785 Berthollet wa Ufaransa akaonyesha kuwa yapausha nguo. Mwaka 1799 Tennant wa Uskoti akapata hataza ya unga wa kupaushia, na viwanda vya karatasi navyo vikautumia. Weupe ulikuja upesi, usafi haukuja. Katika miaka ya 1980 ilidhihirika kuwa klorini ikikutana na lignini, yaani gundi ya asili ishikayo nyuzi za mmea, huzaa dioksini, sumu idumuyo katika matope ya mito na katika samaki. Kuiita kazi hiyo "kusafisha" ni kuficha uchafu wake.

Ndipo zikashika njia mbili. Ya kwanza hutumia klorini dioksidi badala ya klorini tupu. Ya pili hutumia oksijeni, ozoni au peroksidi ya hidrojeni. Mfasiri akiziita zote "bila klorini", ofisa asomaye hati atapotoka. Twapendekeza "bila klorini tupu" kwa ile ya kwanza, na "bila klorini yoyote" kwa ya pili.

Jambo hili lawahusu hata wakulima wa Nanganga, penye njia iendayo Ruangwa na Nachingwea. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, kilijengwa kutegemea miti ya kupandwa. Mabua ya mtama na mahindi yana lignini haba kuliko msonobari, hivyo hupaushika kwa kemikali chache zaidi, ingawa silika yake husumbua mitambo. Iwapo mabua hayo yatatakiwa kiwandani, wanakijiji hawana budi kuuliza ni maji gani yatakayoingia Mto Lukuledi. Yafaa jibu waandikiwe kwa istilahi zisizoficha neno.