Watoto wa Kiungani

Mwaka 1864 Sayyid Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa UMCA, hapa Unguja, wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Baadaye wenzao walijaa skuli ya Kiungani, nje kidogo ya Mji Mkongwe. Wasichana walipelekwa Mbweni. Waliitwa huru. Lakini mtoto ambaye kwao ni ng'ambo ya bahari, na njia yote imejaa walewale waliomwuza, uhuru wake unaishia ukutani mwa skuli.

Mwaka 1887 A. C. Madan, yule wa kamusi, alitoa kwa Kiingereza kitabu cha habari walizoandika wavulana hao wenyewe kwa Kiswahili: kwao, kutekwa, jahazi. Nilikisoma kama mwalimu asahihishaye insha, nikaweka kalamu chini. Myao na Mmakua, kila mmoja na lugha ya mamaye, walisimuliana mambo hayo kwa lugha ya pwani waliyouziwa. Sisi walimu hupenda kudai kuwa skuli ndiyo iliyowalea. Mimi nadhani walileana.

John Swedi, mmoja wa wale watano, alifanywa shemasi mwaka 1879. Alikuwa amekwisha kaa ugenini miaka 15.