Nani Alikuwa Akirudisha Mawe?

Kuingia Thimlich Ohinga lazima uiname. Mlango wa boma kubwa zaidi, linaloitwa Kochieng, ni mfupi kimakusudi, na juu yake yamelazwa mawe marefu yanayobeba uzito wa ukuta. Adui aliyefuata ng'ombe wako alianza kwa kukuonyesha kisogo.

Mahali penyewe ni kaunti ya Migori, kilomita 46 hivi kutoka Migori mjini. Kwa Dholuo, thim lich ni msitu wa kutisha. Ohinga ni ngome. Inakadiriwa kuta zilijengwa katika karne ya 16, na wakazi wa mwisho walihama mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka wa 2018 UNESCO ikaziweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wakizizungumzia, swali ni lile lile: nani alijenga, Wabantu ama Wajaluo? (Sisi Wakenya na makabila, unatujua.) Mimi swali hilo limenichosha. Ukielewa vile ukuta wenyewe unafanya kazi, unajikuta unauliza lingine.

Anza na mawe. Wajenzi wa Great Zimbabwe walikuwa na bahati: miamba ya kule hupasuka kwa mabamba, unayapanga kama matofali. Ya Migori hayana umbo. Moja liko kama kiazi, lingine kama kichwa cha mbuzi. Hakuna simiti, hakuna udongo wa kushikanisha, na msingi haukuchimbwa. Panga mawe ya aina hiyo safu moja tu na hutafika kiunoni kabla hayajakurudia miguuni. Kwa hivyo mafundi walisimamisha kuta mbili sambamba, wakajaza mawe madogo katikati, yakashika pande zote mbili. Unene unafika mita moja na zaidi. Kimo, sehemu nyingine, kinapita mita 4. Mawe ya juu yanabana ya chini kwa uzito wake, na msuguano unafanya kazi ya simiti. Kuta zenyewe zinapinda badala ya kunyooka, na palipohitaji nguvu zaidi wakaongeza viegemeo vya mawe ubavuni.

Ukuta kama huo hautulii. Ardhi ikititia kidogo, mawe yanasogea na kukaa upya. Mvua ikinyesha, maji yanapita katikati yake. Sasa fikiria ukuta wa ploti Nairobi, umejengwa kwa simiti kuzuia udongo wa mteremko, na fundi hakuacha matundu ya kutolea maji. Msimu wa mvua maji yanajaa nyuma, udongo unakuwa mzito, na ukuta unaendelea kusimama wima hadi siku unalala wote kwa mpigo mmoja. Ule wa mawe matupu mara nyingi hukuonya mapema: unatoa kitambi. Unaona jiwe limechungulia nje, unajua wiki hii kuna kazi.

Na kitambi kisipopangwa upya, ukuta huanguka. Mizizi inapenya, mifugo wanapanda, mawe yanadondoka moja moja. Kwa zaidi ya miaka 300 jamii zilihama hapo na nyingine zikaingia, lugha ya boma ikabadilika, na bado kuta zikabaki. Maana yake walioingia walikuta mtindo, wakausoma kwa macho na mikono, wakaundeleza. Ukarabati mzuri wa aina hii haujitangazi. Jiwe lililorudishwa mwaka wa 1700 halitofautiani na jirani yake wa 1550, ndiyo maana waliolirudisha hawana jina katika mjadala wetu wa nani alijenga.

Kazi hiyo haijaisha. Mti ukiota ukutani lazima utolewe, jiwe likianguka lirudishwe. Ila usimwachie fundi aliyezoea mjengo wa mjini peke yake, kwa sababu mkono wake utatafuta simiti. Ukiziba yale mapengo, maji yanakosa njia, na ukuta uliozoea kusogea unaanza kupasuka.